Kuvuta ndoana nyuma ya mashua: namna wanavyovua samoni na trauti kwenye maziwa makubwa ya Amerika



Wengi wenu munaovua kwenye ziwa Tanganyika na ziwa Kivu mumekwisha kuona kwenye telefone zile video za wavuvi wa Amerika. Mashua nyeupe inaenda polepole, nyuma yake fimbo nane ao kumi zimesimamishwa, kila fimbo na uzi wake ndani ya maji, na watu wamekaa wanakunywa kahawa. Ghafula fimbo moja inapinda, mtu anairukia, na kiisha dakika kumi anaonyesha samaki wa kilo nane. Vijana wanauliza: juu ya nini sisi tunakesha usiku na taa na nyavu, na wale wanapata samaki mkubwa namna ile wakiwa wamekaa? Njia ile haiwezi kutufaa?

Swali ni zuri, na tunalijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake muko mambo mawili. La kwanza ni ufundi wenyewe, ambao una mafundisho kwa kila mvuvi. La pili ni hesabu ya chakula cha samaki, na hilo linagusa hata wale wasiowahi kushika fimbo.

Maziwa tunayosema ni matano, kati ya Marekani na Kanada: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Tuchukue ziwa Michigan kama mfano, maana ndipo kazi hii ilipokuwa kubwa. Lina kilometre za mraba karibu 58,000, ni kusema linapita Tanganyika yenye karibu 32,900. Lakini kwa kina Tanganyika inalishinda mbali sana: Michigan inafika metre 281, Tanganyika inafika 1,470. Tena kule kuna majira ya baridi kali, maji ya kando yanaganda barafu, na kiangazi ni kifupi. Samaki wanaotafutwa ni wa jamaa moja: samoni wa aina mbili, mmoja mkubwa anayeitwa chinuku na mwingine wa wastani anayeitwa koho, na trauti, yaani trauti wa ziwa, trauti wa kahawia, na yule mwenye mstari wa rangi ya upinde wa mvua ubavuni. Kati ya hao wote, trauti wa ziwa tu ndiye mzaliwa wa maziwa hayo. Wengine waliletwa na watu. Mushike neno hilo, tutalirudilia.

Tuanze na ufundi. Samoni hakai pahali pamoja kama samaki wa majiwe. Anazunguka katikati ya ziwa akifuata makundi ya samaki wadogo, sawa vile mukeke anavyofuata ndagala. Ukitia nanga na kungojea, unaweza kungojea mpaka jioni bila kitu. Kwa hiyo mvuvi anavuta ndoana zake nyuma ya mashua, anapima ziwa mstari kwa mstari, mpaka akutane na kundi. Mwendo ni kama wa mtu anayetembea kwa miguu: kilometre 3 na nusu mpaka 5 kwa saa kwa samoni, na pungufu kidogo kwa trauti wa ziwa, ambaye ni mzito wa kukimbiza. Ukizidisha mwendo, chambo kinageuka ovyo na samaki anakikataa; ukipunguza sana, kinalala na kuonekana ni chuma tu.

Chambo chenyewe mara nyingi ni kipande cha chuma chembamba chenye umbo la kijiko, kilichopakwa rangi ya fedha, kijani ao buluu. Kikivutwa kinayumbayumba kama samaki mdogo aliyeumia. Kabla ya jua kutoka wanatumia vijiko vilivyopakwa rangi inayong'aa gizani. Wengine wanatanguliza kibao cha plastiki kinachozunguka na kumulika, na nyuma yake wanafunga ndoana yenye nyuzi za rangi. Juu ya rangi wavuvi wa kule wanabishana kama watu wanaobishana juu ya mupira, na sisi hatutaingia katika mabishano hayo. Kinachoamua zaidi ni kina.

Hapa ndipo penye akili ya kazi yote. Samoni na trauti ni samaki wa maji baridi, na kila mmoja ana baridi yake anayoipenda. Chinuku anapenda maji ya digri 10 mpaka 13. Trauti wa ziwa anashuka kwenye baridi zaidi, digri 7 mpaka 10 hivi. Katika kiangazi, maji ya juu ya ziwa Michigan yanapata moto kufika digri 20 na zaidi, na maji ya chini kabisa yanabaki digri 4 ao 5. Kati ya maji hayo ya moto na ya baridi kuna mpaka. Ukishusha kipimo cha joto utaona kwamba metre nyingi za juu zina moto ule ule mmoja, kiisha ndani ya metre chache tu joto linaanguka digri kumi. Samoni anatembea karibu na mpaka huo, na samaki wadogo anaowala nao wako hapo karibu. Mvuvi anayepitisha ndoana yake metre kumi juu ya mpaka anavuta maji matupu.

Na mpaka huo hautulii. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani siku mbili tatu, unasukuma maji ya moto mbali, na maji baridi yanapanda karibu na kando. Hapo samoni anaweza kushikwa kwenye metre 10 tu, mbele ya bandari. Upepo ukigeuka, maji ya moto yanarudi kujaa kando, na mpaka unashuka metre 20, 30, na kupita. Mtu aliyeshika samaki sita jana anarudi leo pahali pale pale, kina kile kile, na harudi na kitu. Ndiyo maana wavuvi wazuri wa kule wanaanza siku kwa kuuliza upepo wa jana na juzi ulitoka wapi.

Wavuvi wa Tanganyika hawatashangaa. Upepo wa kusini-mashariki, wa tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini yanapanda na kuleta chakula cha viumbe vidogo. Tofauti ni moja: kwetu maji ya juu na ya chini hayapishani sana kwa joto, ni digri chache tu, wala samaki wetu si wa kutafuta baridi. Kwa hiyo kipimo cha joto peke yake hakitamwonyesha mvuvi wa Kalemie ao wa Uvira pahali mukeke alipo. Lakini desturi ya kuandika upepo na kina cha kila siku ingemsaidia sawasawa.

Sasa, ndoana nyepesi inafikaje metre 25 chini wakati mashua inatembea? Uzi unaovutwa unapenda kupanda. Wamarekani walitatua jambo hilo kwa tufe la risasi la kilo 5 mpaka 7, linaloteremshwa kwa kamba nyembamba ya chuma iliyozungushwa kwenye gurudumu lenye kuhesabu metre. Uzi wa fimbo unabanwa kwenye kibanio kidogo juu ya tufe, na ndoana inafuata nyuma yake. Samaki akiuma, uzi unachomoka kwenye kibanio. Tufe linabaki peke yake na mtu anapigana na samaki bila uzito wowote. Ni kitu rahisi, fundi wa kijiji anaweza kukitengeneza. Ili nyuzi nyingi zisifungane, nyingine zinapelekwa pembeni kwa vibao vinavyoelea, vilivyokatwa kwa namna ambayo maji yanavisukuma kuondoka ubavuni mwa mashua. Hivyo mashua moja inafagia upana mkubwa, na ndoana za pembeni hazipiti mahali ambapo motere imekwisha kuogopesha samaki.

Kuna ujanja mwingine tunaoupenda kwa sababu hauhitaji hata franka moja. Mashua ikipiga kona, ndoana za upande wa nje zinaongeza mwendo na kupanda, na za upande wa ndani zinapunguza mwendo na kushuka. Nahodha anaangalia ni fimbo gani inayoumwa wakati wa kona. Ikiwa ni ya nje, anajua samaki wa leo wanataka mwendo zaidi; ikiwa ni ya ndani, anapunguza. Kona moja inampa jibu ambalo angelitafuta saa nzima.

Majira nayo yana njia yake. Mwanzoni mwa mwaka wa uvuvi, mwezi wa 4 na wa 5, koho wanashikwa upande wa kusini wa ziwa, karibu na Chicago, ambako maji yanaanza kupata moto. Baadaye samaki wanatawanyika kuelekea kaskazini na katikati. Mwisho wa mwezi wa 8 chinuku waliokomaa wanarudi mbele ya midomo ya mito ili wapande kuzaa, na ndipo wakubwa kabisa wanaposhikwa: mwaka 2021 karibu na mji wa Ludington alishikwa mmoja wa kilo 21 na zaidi. Wakikwisha kuzaa, samoni hawa wanakufa wote. Ndiyo maumbile yao.

Tarehe 23 mwezi wa 9 mwaka 1967, mashua ndogo nyingi sana zilikuwa ziwani karibu na mji wa Frankfort, kwa sababu koho walikuwa wamejaa mbele ya mto Platte. Onyo la upepo lilikuwa limetolewa, lakini watu waliona samaki, hawakuona mawingu. Mawimbi yaliwakuta katikati, na watu saba walikufa. Tunaliandika hili kwa wale wanaoingia Tanganyika na Kivu bila jile.

Lakini koho hao walitoka wapi? Zamani kazi ya maziwa hayo ilikuwa trauti wa ziwa, aliyevuliwa na wavuvi wa biashara kwa nyavu. Binadamu alichimba mfereji wa kupitisha meli kando ya maporomoko ya Niagara, na kupitia njia hiyo akapanda mnyama wa bahari anayeitwa lampri. Ana umbo la mkunga na mdomo wa duara uliojaa meno. Anajibandika kwenye samaki na kumnyonya damu. Lampri mmoja katika maisha yake anaweza kuua samaki wa kilo 18 kwa jumla. Alionekana ziwa Michigan mwaka 1936, na katika miaka ya 1950 trauti wa ziwa alikuwa amekwisha kabisa huko.

Pale palipokosa samaki mkubwa, samaki mdogo wa baharini aliyepitia njia ile ile alizaana bila mwenye kumla. Anaitwa elwaifu, ni wa jamaa ya ndagala wetu, urefu wake kama kiganja. Mwaka 1967 walikufa kwa wingi usiohesabika, wakatupwa kwenye fukwe, na miji ikasomba samaki waliooza kwa matrakta. Marekani na Kanada zilikuwa zimekwisha kuunda tume ya pamoja ya uvuvi wa maziwa hayo mwaka 1955, na tangu mwaka 1958 dawa ya kuua watoto wa lampri ilianza kutiwa kwenye mito. Dawa hiyo inaendelea mpaka leo. Mwaka 2020, ugonjwa wa Kovidi ulipozuia ekipe kutoka, lampri waliongezeka kiisha miaka michache tu.

Bwana Howard Tanner, aliyeshika uongozi wa uvuvi wa jimbo la Michigan mwaka 1964, aliona elwaifu wale kama chakula kinachooza bure. Aliomba mayai ya koho kutoka jimbo la Oregon, kando ya bahari ya Pasifiki, na mwaka 1966 vifaranga mamia ya maelfu walimwagwa kwenye mito. Mwaka uliofuata wakaanza na chinuku. Samoni walinenepa haraka, elwaifu wakapungua, watu wakaja kutoka majimbo ya mbali, na miji midogo ya kando ikapata nyumba za wageni, maduka na mashua za kukodisha. Kwa miaka mingi ilionekana kama hesabu isiyo na hasara.

Hasara ilikuja ziwa Huron. Huko chinuku walikuwa wameanza kuzaa wenyewe katika mito ya upande wa Kanada, kwa wingi kuliko walivyodhani wakubwa wa uvuvi, na juu ya hao vifaranga waliendelea kumwagwa. Wakati huo huo kome wadogo wanaoitwa kwaga, waliofika na maji ya ndani ya meli za kutoka upande wa bahari Nyeusi, walikuwa wametanda chini ya ziwa. Kila mmoja anachuja maji kama litre moja kwa siku na kula vile viumbe vidogo vinavyolisha elwaifu. Walaji juu waliongezeka, chakula chini kilipungua, na katika mwaka 2003 na 2004 elwaifu wa ziwa Huron walianguka kabisa. Chinuku walishikwa wakiwa wamekonda, kichwa kikubwa na mwili mwembamba, na nyuma hawakushikwa tena isipokuwa wachache. Mashua za kukodisha ziliuzwa ao zikahamia ziwa Michigan. Maduka yalifunga. Ndoana zilikuwa zile zile, manahodha wale wale, motere zile zile.

Si kila kitu kilikuwa kibaya. Trauti wa ziwa, ambaye mayai yake yanadhoofika mama akila elwaifu wengi mno, alianza tena kuzaa mwenyewe katika ziwa Huron. Lakini mwenye duka la ndoana katika mji mdogo hakufarijika sana na habari hiyo.

Ziwa Michigan waliona ya jirani na kuogopa. Walipunguza vifaranga vya chinuku mwaka 1999, tena 2006, na mwaka 2013 wakakata karibu nusu. Wenye mashua wengi walilalamika, na tunawaelewa: mtu anayelipa deni la motere haambiwi kwa urahisi kwamba samaki wapunguzwe. Ili mabishano yawe na msingi, wanafanya mambo mawili. Kila mwaka mwishoni mwa majira, tangu 1973, mashua ya utafiti inavuta wavu chini ya ziwa kwenye sehemu zile zile na kupima wingi wa samaki wadogo. Tena chinuku wa kumwagwa wanakatwa pezi dogo la mgongoni karibu na mkia kabla ya kutolewa. Mvuvi akishika samaki asiye na pezi hilo, anajua alitoka kwenye kituo; mwenye pezi lake amezaliwa mtoni. Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba zaidi ya nusu ya chinuku wa ziwa Michigan wanazaliwa wenyewe, na hesabu ya vifaranga ikarekebishwa.

Turudi sasa kwa swali la vijana. Samoni wa fimbo kule ni mchezo wa kulipiwa. Mtu ananunua permi, analipa nahodha, na samaki aliyeshikwa kwa permi ya mchezo hauzwi. Esanse ya masaa sita, mashua na vyombo vinapita mbali bei ya samaki walioshikwa, na hakuna anayejali, kwa sababu alikuja kustarehe. Tena wanaambiwa wasile mara nyingi samaki wakubwa, juu ya sumu za viwanda vya zamani zinazokaa kwenye mafuta yao. Koperative inayotaka kulisha watu na kulipa karo za watoto haiwezi kusimama juu ya hesabu hiyo. Kwa ndagala na sambaza, taa na wavu vinaishinda fimbo bila mabishano.

Pahali inapoweza kufaa ni padogo. Mashua yenye motere ambayo inakwenda kwa vyovyote, kupeleka nyavu ao kurudi nyumbani asubuhi, inaweza kuvuta ndoana moja ao mbili kwa sangala bila kuongeza esanse. Ipunguze mwendo pale majiwe yanaposhuka kwenye kina, itumie kijiko cha chuma kinachong'aa, na uzi usipite karibu na nyavu za wengine. Akishikwa, vema, asiposhikwa, hakuna kilichopotea isipokuwa dakika chache.

Na kuna watu wanaopita vijijini wakisema ziwa Kivu liletewe samaki mkubwa wa kula sambaza, "kama Amerika". Sambaza mwenyewe aliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo analisha Bukavu, Goma na visiwa vyote vya kati. Kilo ya sambaza ikiliwa na samaki mkubwa hairudi kilo moja ya samaki mkubwa. Inarudi sehemu ndogo tu. Sisi hatuwezi kushauri koperative yoyote kuunga mkono mpango huo, hata ukija na vifaranga vya bure.

Tunachowaomba kuiga ni ile hesabu ya kila mwaka. Koperative saba za kando zikiandika kila usiku kilo za ndagala ao sambaza, kilo za mukeke ao sangala, upepo ulitoka upande gani, na saa ngapi za kazi, mwaka mmoja utatosha kuonyesha kama wadogo wanashuka kabla ya wakubwa. Daftari na bic vinatosha. Andikeni wadogo na wakubwa mbali mbali, musichanganye kwenye mstari mmoja, na siku musiyopata kitu muandike sifuri badala ya kuiruka. Yenye kutaka mfano wa karatasi ya kujaza iuombe kwa animateri anayepita kwenu.